Mteremko Uliokunywa Mvua ya Mawe

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya maji Kericho, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikabidhiwa ndoo na saa ya mkononi. Mkubwa wangu, Afisa wa Maji, alinituma kwenye chemchemi nje ya mji nikapime mtiririko, yaani niangalie ndoo inachukua muda gani kujaa, niimwage, nirudie. Siku hizi, vijana, mna vyombo vinavyohesabu vyenyewe. Akina mama waliokuja kuteka maji walinishangaa.

"Huyu msichana anajaza, anamwaga, anajaza tena," mmoja akasema. "Kwani kwao hakuna kazi?"

Nilicheka nao, nikamwaga tena.

Tulifanya kazi Chepseon, kisha Silibwet, na huko ndiko nilikomjua Mzee Arap Rono. Chemchemi ya shambani kwake ilitokea chini ya kilima kwa macho mawili ya maji, na majirani wote walinywa hapo. Nusu ya mteremko, juu ya jicho la kwanza, alikuwa ameshailima. Nusu ya pili, yenye nyasi na miti ya kienyeji, alitaka kuifyeka apande mikaratusi awauzie wenye kiwanda cha chai kuni. Macho yote mawili yakikauka, mkewe, Mama Chebet, ndiye angeshuka mtoni kila siku na mtungi mgongoni.

"Mzee, usifyeke," Afisa alimsihi. "Maji ya hapa ni mvua iliyoingia huko juu."

"Hapana, Bwana Afisa. Mvua iko juu, hii maji iko chini. Sasa inakutana wapi?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Ghafla ikapiga mvua ya mawe, ile ya kwetu isiyobisha hodi, ikachana majani ya chai na kuacha kilima chote cheupe. Afisa alitoka mbio akicheka kama mtoto. Alikuwa amesomea ng'ambo, kwenye milima yenye theluji.

"Mzee, kuja uone! Huko nilisoma, theluji inakaa juu, inayeyuka pole pole, mlima unakunywa. Inatokea chini baada ya miezi. Leo umeletewa yako!"

Kwenye shamba lililolimwa, maji mekundu yalikimbilia mtoni yakibeba udongo. Kwenye nyasi, mawe yalikaa mpaka asubuhi yakiyeyuka, na chini yake hapakutokea hata mchirizi. Tulilala kwake, na asubuhi Mzee alizunguka na fimbo akiyatafuta maji.

"Imeenda wapi?"

"Imeingia kwa ardhi. Ngoja kiangazi."

"Na nikingoja bure?"

"Nitakuja kupanda hiyo miti na mikono yangu."

Njiani Afisa alinieleza kwamba mawe ya siku moja hayajazi chemchemi; kinachoijaza ni mvua ya msimu mzima inayozama taratibu. Mawe yalitusaidia tu kuiona.

Januari, kiangazi kilipokolea, nilirudi naye nikihofia ile safari ya mtoni, maana nilikuwa nimeshampenda Mama Chebet. Jicho lililo chini ya shamba lilikuwa likidondoka tu. Lile la chini ya nyasi lilijaza ndoo kabla sijamaliza kumsalimia Mzee. Alisimama katikati ya hayo mawili, kisha akamwita mkewe.

"Mama Chebet, hiyo miche ya mikaratusi niliyonunua, tupa."

"Nilitupa Krismasi," akajibu bila kuinua kichwa.

Afisa alicheka mpaka akakaa chini. Mzee naye ikambidi acheke.

Nimestaafu sasa. Nimesahau hotuba za siku ya kuniaga, ingawa zilikuwa nzuri. Mwaka jana, katikati ya kiangazi, nilipita Silibwet. Mzee alishatutoka, lakini kabla ya kwenda aliacha ile nusu iliyolimwa iote nyasi tena, na macho yote mawili yanatiririka. Kule mgeni hupokewa kwa chai ya maziwa. Mama Chebet, mgongo wake ungali umenyooka, aliniletea gilasi ya maji ya chemchemi.

"Kunywa kwanza hii," akasema. "Chai itangoja."

Nikanywa, nikalia, naye akanicheka.