Mtu Aliyezikwa kwa Tunda

Mwaka niliofiwa, mwalimu wetu wa darasa la watu wazima alitushauri tuwe tunakwenda chuoni, pale Kisumu, Jumamosi alasiri, kusikiliza waandishi wakisoma vitabu vyao. Nilikuwa nimeishia darasa la nne. Nilikwenda kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya mno, na ukumbini hakuna aliyeniuliza habari za mume wangu.

Mume wangu alizama ziwani akitoka Usenge na magunia ya omena, wale dagaa wadogo. Wenzake wawili ziwa liliwatoa wakiwa maiti. Yeye halikumtoa. Wavuvi walitafuta mpaka upande wa Port Victoria. Mwishowe wazee wa ukoo wakafanya kama inavyofanywa kwetu mwili ukikosekana: wakachukua yago, lile tunda refu la mwegea, wakalifunga shuka, wakalizika kaburini mwake. Nililia juu ya tunda lile kama ningelilia mtu. Tangu hapo nilikuwa mjane, na shemeji yangu alitazamiwa kunirithi niwe mke wake baada ya mavuno.

Jumamosi moja mwandishi alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani. Alisema hadithi yake ni ndefu, atasoma nusu leo na nusu Jumamosi ijayo. Ilikuwa habari ya mvuvi aliyezama, watu wakazika yago, kisha jioni moja mvuvi yule akatokea langoni kwa miguu yake. Ukumbi ukaguna. Kwetu ziwani inajulikana kwamba aliyekwisha kuzikwa hivyo haingii tena bomani. Watu husema ni jachien, mzimu, humkimbia au humtupia mawe. Nilivumilia yote mpaka kijana aliposoma kwamba mtu yule alikohoa kidogo kabla ya kubisha, ili asimshtue mkewe.

Mume wangu alikuwa akifanya hivyo hivyo.

Nilijiambia, huyu kijana amemwona. Wamekutana mahali, labda Mwanza, labda kwenye kisiwa fulani, akasimuliwa, akaandika.

Wiki ile sikufanya biashara ya maana. Nilikuwa nikiuza nguo kuukuu katika soko la Kibuye, na humo watu wanakohoa. Kila kikohozi nyuma yangu kilinigandisha shingo. Mteja mmoja aliuliza bei ya koti, akauliza tena, kisha akasema, "Mama, unauza ama unaota?" Nilikuwa nikirudi nyumbani na kufunga mlango jua likiwa bado juu. Nikikaa nyuma ya mlango nilijiuliza, akija, nitafungua? Nikifungua, nitaiingiza chira nyumbani, ile laana inayokausha watu mmoja mmoja. Nisipofungua, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Hayo mawili yalinitisha kuliko mzimu wenyewe.

Mama mkwe alikuwa akiishi nami. Aliniita nyathina, yaani mtoto wangu, ingawa hakunizaa. Aliniona sili, akauliza, nikamweleza yote. Akanisogezea sahani.

Jumamosi iliyofuata nilikaa karibu na mlango. Kijana akasoma mpaka mwisho. Mke hakufungua, na mtu yule akashika njia ya ziwani. Wakati wa maswali, mzee mmoja alimkaripia kwa kuchezea mambo ya kaburi. Mwingine akasema wangempa basi hata chai ya kupitishia dirishani, watu wakacheka. Nikasimama.

"Bwana, huyu mtu ulimwona wapi?"

Wakacheka zaidi. Kijana aliniangalia, nadhani akaona kitambaa changu cha msiba, kwa maana yeye hakucheka.

"Sikumwona, Mama. Nilimtunga."

"Na kile kikohozi?"

"Ni cha baba yangu. Alikohoa hivyo akirudi nyumbani."

Nikakaa. Kwanza hofu ilinitoka, nikapumua kama mtu aliyetua mtungi. Kisha nikaona kilichoondoka pamoja nayo. Wiki nzima mume wangu alikuwa akitembea mahali. Sasa alikuwa chini ya maji tena. Nililia pale pale, mbele za watu wasionijua, na mama aliyekaa kando yangu akanishikia mkoba.

Nyumbani, mama mkwe aliniuliza kabla sijavua viatu. Nikamwambia kijana alitunga tu. Aliendelea kuchambua omena kwenye ungo, nikadhani yameisha.

"Basi Jumamosi rudi, nyathina," akasema. "Mwambie amtunge tena. Safari hii mke afungue."

Nilirudi. Aliyekuja alikuwa mwandishi mwingine, mtu mnene, akasoma habari za mashamba ya chai. Nilikaa mpaka mwisho, nikimtafuta yule kijana kwa macho kati ya viti. Nilipofika nyumbani nilimwambia mama mkwe ukweli, kwamba hakuwepo na hakuna ajuaye atakuja lini. Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akautazama mlango, kama anayengoja mtu, akaniambia niufunge, upepo unaingia.