Kamera Iliyokuja na Mwenyewe

Mhariri wa michezo wa gazeti moja la Mwanza alinipigia simu Jumatano mchana, na maneno yake niliyaandika kwenye daftari kama alivyoyasema: "Picha zako hazionyeshi mpira. Zinaonyesha vumbi." Wakati huo nilikuwa napiga picha kwa simu. Akanieleza kwamba anatafuta mwakilishi mmoja wa kudumu wa Shinyanga na Geita, kwamba yuko jamaa wa Geita mwenye kamera ya maana, na kwamba Jumapili anataka kwangu picha moja ya goli kutoka fainali ya Kahama. Moja tu. Likija vumbi tena, kazi anapewa wa Geita.

Alhamisi asubuhi nilikuwa Nyasubi, hapa hapa Kahama, mlangoni kwa mzee aliyekuwa anauza kamera. Kwa miaka mingi alikuwa amepiga harusi za mji mzima, mpaka magoti yakagoma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kununua au kutazama?"

Kamera yake ilikuwa hasa ya watu wa michezo: mwili mkubwa mweusi, na lenzi ndefu kama chupa ya chai. Alikuwa ameuziwa na mgeni mmoja wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao. Mzee akaitumia kwa harusi, kwa sababu harusi ndiyo kazi aliyokuwa nayo. "Ukumbini ilikuwa haienei," alisema. "Nilikuwa nasimama nje, ng'ambo ya barabara, nampiga bibi harusi kupitia mlangoni. Wakipita ng'ombe, nasubiri."

Nilikuwa nimeandaa maswali saba. La kwanza: imeshapiga picha ngapi tangu itoke kiwandani?

"Wewe umekula sahani ngapi za wali tangu uzaliwe?"

Niliandika: hajui. Nikamulika lenzi kwa tochi kutafuta kuvu, sikuona. Betri zilikuwa mbili, moja hai. Lililobaki ndilo lilikuwa swali lenyewe: je, inaweza kumfuata mtu anayekimbia? Sebuleni kwa mzee kitu pekee cha kuzunguka kilikuwa pangaboi, na umeme ulikuwa umekatika.

"Niachie mpaka Jumapili, mzee. Nikaijaribu uwanjani."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, niliwahi kumwazima mtu stendi ya kamera. Mpaka leo naiona kwenye picha za watu."

Tukakubaliana kwamba atakuja na kamera mwenyewe, mimi nipige, lakini mkanda abaki nao yeye. Nilidhani ni namna ya kusema.

Jumapili alifika uwanja wa Nyahanga amevaa suti ya kazini, ya kaki, yenye mifuko minne, na mkanda wa kamera ameuzungusha kwenye kifundo cha mkono mara mbili. Mkanda wenyewe ulikuwa mfupi. Nikienda kulia, anakwenda kulia. Nikipiga goti, naye anapiga goti, huku akiguna. Nyuma yetu walikaa mashabiki wa timu ya bodaboda, na hawakutuacha.

"Jamani, mwandishi kakamatwa!"

"Nani kamkamata mwenzie?"

"Mzee, usimwachie, huyo mwizi!"

Bodaboda walikuwa wanacheza na wachimbaji wa dhahabu, watu wenye mabega ya kuvuta kamba za maduara, yale mashimo ya dhahabu. Kipindi cha kwanza kamera ilinijibu lile swali lililobaki. Ilimshika winga akiwa hewani, ikaonyesha hata jasho linavyoruka. Tatizo lilikuwa kwamba kila nilipobonyeza, mkanda ulivutwa, na mzee akainamia kioo kukagua.

"Huyu umemkata miguu."

"Mzee, anakimbia."

"Si ndiyo? Na miguu ndiyo anayokimbilia."

Na goli halikupatikana. Kipindi cha pili nilimkokota mzee mpaka nyuma ya goli la bodaboda, maana wachimbaji ndio waliokuwa wanashambulia. Dakika zikaenda. Nilianza kumfikiria jamaa wa Geita, nikamwona amekaa mahali anapanguza kamera yake kwa kitambaa.

Karibu na mwisho, wachimbaji wakapata kona. Nikaweka jicho. Kipa alisimama kwenye mstari, mgongo kwetu, amejikunja, mikono imetanuka kama kuku anayefukuzwa. Mzee naye aliona yote hayo kupitia macho ya miaka mingi ya harusi, na yakamshinda. Kona ikapigwa. Mpira ukiwa hewani, sauti ya ukumbini ikatoka kando ya sikio langu:

"Bwana harusi! Simama wima! Kidevu juu kidogo!"

Kipa akageuka. Akanyooka, akashusha mikono, akainua kidevu, akatulia. Baadaye nilielezwa kwamba harusi yake ilipigwa na mzee huyuhuyu, na kwamba siku hiyo alisimamishwa juani tangu adhuhuri mpaka alasiri. Mwili wake ulikuwa unaijua ile sauti. Mchimbaji mmoja akaruka akapiga kichwa, mpira ukapita juu ya bega la kipa, na kidole changu kikabonyeza bila kuniuliza.

Mashabiki wakamiminika. "Mzee kahongwa!" "Afungwe na kamera yake!" Refa akaenda kuzungumza na mshika kibendera, akarudi, akaonyesha katikati ya uwanja: goli. Mechi ikaisha hivyo hivyo. Kipa akaja kwetu, glovu mkononi, nami nikajiandaa kwa lolote.

"Nimetokaje?" akauliza.

Mzee akamwonyesha. Kipa akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Wabeja, mzee," akasema kwa Kisukuma, anashukuru. "Lakini ungesubiri mpira utoke."

Nilikaa kwenye ngazi za duka lililo jirani, nikaituma picha. Maelezo yake yalinichukua muda mrefu kuliko picha. Ningeweza kuandika "kipa akishangaa" na mambo yakaisha. Nikaandika kilichotokea, kwa mpangilio. Mhariri akapiga.

"Kipa wako anatazama kamera kwa nini? Na haya maelezo ni kweli au unanitania?"

"Ni kweli. Aliitwa na mwenye kamera, ambaye ndiye aliyempiga picha za harusi."

Nikamsikia anawasomea wenzake ofisini, na kicheko kikaanza upande mmoja kikazunguka.

"Inakwenda ukurasa wa nyuma," akasema akirudi. "Jumamosi nenda Geita, kuna mechi."

"Na yule wa Geita?"

"Kaniletea picha kumi. Zote nzuri. Hakuna hata moja niliyoicheka."

Nilimlipa mzee palepale kwenye ngazi, alikokaa ubavuni kwangu akisikiliza simu yote. Akaufungua mkanda polepole, akasugua kifundo cha mkono, akanikabidhi.

"Sasa Geita tunaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Mzee, kamera ni yangu sasa."

"Ni yako, nani kabisha? Lakini wachezaji wa Geita atawapanga nani?"

Nikamwambia saa kumi na mbili asubuhi, kwa sharti kwamba tukiwa uwanjani hatafungua mdomo. Alikubali haraka mno.