Samaki Aliyeguswa na Moshi

Sauti iliyonishtua kwanza ilikuwa ya beseni la plastiki likiburutwa juu ya saruji ya uani. Ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa mezani nikisahihisha sura ya tatu ya tasnifu yangu. Mama hakuwa mtu wa kuburuta beseni. Aliliinua daima, hata likiwa limejaa samaki, kwa sababu likiburutwa hutoboka. Nilisikiliza. Liliburutwa tena, kidogo, likasimama, kisha nikamsikia akitapika ndani yake.

Nilimkuta amepiga magoti kando ya tanuri lake la kukaushia samaki, ngumi moja ameikandamiza chini ya kifua.

"Tumbo iko inanikata, mama," aliniambia. Huniita mama anapotaka kubembelezwa. "Tangu jana mangaribi. Ilikuwa inakuya, inaenda. Sasa haiendi tena."

"Ulikula nini?"

"Nilikula paka kama siku zote."

"Paka" kwetu ni "tu", na nilijua maana ya siku zote. Mama huuza kambale wa moshi kando ya barabara, hapa mtaani kwetu Naviundu. Samaki humfikia kwa lori kutoka Kasenga, mtoni. Wateja humpenda kwa kuwa samaki wake ni laini: huwaweka juu ya moshi kwa muda mfupi tu, ngozi ikapata rangi, ndani pakabaki na maji. Mteja mgeni akisitasita, mama humega kipande karibu na uti wa mgongo, pale nyama inapong'aa bado, akakila mbele yake ili yule aone kwamba hakuna ubaya. Kwa siku moja humega hivyo mara nyingi. Muuzaji asiyeonja samaki wake mwenyewe hapati mnunuzi.

Mimi nasomea vimelea vya samaki. Kambale wa kwanza niliowapasua walitoka katika beseni lile lile. Katika matumbo yao nilikuta minyoo myembamba iliyojikunja, na katika wachache nikaikuta ndani ya nyama yenyewe. Niliitia katika chupa ya alkoholi, nikamwonyesha mama.

"Hii? Hii ni mafuta," alisema.

"Mafuta iko na kichwa?"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Weye unasomaga minyoo miaka yote hii, bwana haujaona. Muzuri hii minyoo ikuoe!" Kisha kicheko kikaisha. "Lakini usiseme kwa bantu. Ukisema, nitauzisha nini?"

Sikusema. Nilijiambia kwamba sijathibitisha aina ya minyoo hiyo, kwamba visa vya binadamu kuambukizwa vinavyotajwa katika masomo yetu ni vichache, kwamba mtafiti hatangazi jambo ambalo hajalipima. Niliandika neno "inawezekana" katika sura ya kwanza, nikaendelea. Ningeweza kumwambia mama awaache juu ya moshi muda mrefu zaidi, minyoo ife. Nililifikiria jambo hilo kwa wiki kadhaa, nikitafuta namna ya kulisema bila kumwudhi, na wiki zikapita.

Hospitalini, daktari aliyeketi kando ya kitanda cha mama wodini alikuwa kijana, amechoka, mwenye adabu. Sitamlaumu kwa lolote, kwa maana aliuliza swali lililopaswa kuulizwa.

"Mama, ulikula samaki mubichi?"

"Apana, dokta. Mubichi, mi siwezi. Nilikula ya moshi."

Akaandika, akapiga mstari chini ya maandishi yake.

Mama hakudanganya. Sokoni kwetu samaki ni wa namna mbili, mbichi na wa moshi. Moshi ukishamgusa, hata kwa nusu saa, ameacha kuwa mbichi. Neno hilo linaeleza alikopitishwa samaki, halielezi hali ya nyama yake. Nililielewa hilo papo hapo, nimesimama nyuma ya kiti cha daktari, na papo hapo nikakumbuka dodoso langu. Mimi pia niliwauliza wauzaji, kwa maneno hayo hayo, kama hula samaki mbichi. Wote walinijibu hapana, na sura ya tatu nzima ilisimama juu ya hapana hiyo.

Nilifungua mdomo. Mwanamke wa kitanda cha jirani, mteja wetu wa zamani, akanitangulia.

"Samaki ya huyu mama njo bote tunakulaka, dokta! Iko muzuri sana!"

Mama aliniangalia. Nikafunga mdomo.

Wakaanza kumtibu homa ya matumbo. Niliketi kando yake siku mbili, nikizipanga sababu kichwani kama jedwali: homa ya matumbo, vidonda vya tumbo, malaria, mnyoo. Nikisema nami nimekosea, nitakuwa nimeiua biashara yake mbele ya wateja. Nikinyamaza nami sijakosea… Kila nilipoifikia sentensi hiyo niliiacha, nikarudi mwanzo wa jedwali.

Siku ya tatu, saa nane mchana, alirudisha hata maji. Nilimfuta midomo. Jirani yake alikuwa amelala. Mama akaongea kwa sauti ndogo, bila kunitazama.

"Ile chupa yako. Ile kitu iko na kichwa kweli?"

"Iko nayo, mama."

"Na weye unajua namna ya kuitosha mu tumbo ya muntu?"

"Sijui. Mi najua paka kuitosha mu samaki yenye ilisha kufa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kana kwamba nimemjibu jambo alilolijua. Kisha akageukia ukutani.

Nilitoka nje, kwenye ngazi, nikampigia daktari kwa namba aliyotuachia. Alikuwa amemaliza zamu, na nilisikia sahani zikigongana alipoitika.

"Dokta, mi mutoto wa mama wa kitanda ya dirisha. Ulimuuliza kama alikula samaki mubichi. Alikujibu kweli. Lakini kwetu, ikisha kupita mu moshi, habaiitake tena mubichi. Ndani inabakiaka mubichi, na anaikula kila siku. Na mi nilionaka minyoo mu ile samaki. Mi mwenyewe."

Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma.

"Uko sure njo hiyo?"

"Apana," nikasema. "Inawezekana."

Alinieleza kwamba mashine ya kuangalia ndani ya tumbo na kumtoa mnyoo haiko kwao, iko hospitali nyingine. Angewauliza wenzake wa huko sasa hivi kwa simu yake ya pili. Nisikate.

Sikukata. Nilibaki na simu sikioni, mkono wa pili ukiziba sikio jingine kwa sababu ya malori, nikimsikia akimwuliza mtu, kwa mbali, kama leo wako na umeme.