Bawa la Juu

Sifa zote njema ni zake Mola, awashikaye ndege angani bila ya nguzo.

Juzi, nyumbani kwetu Al Qusais, mjukuu wangu Nasra alikuwa akiunganisha ndege ya plastiki, ndege ya kivita ya Wamarekani ya baina ya vita viwili vya dunia, yenye bawa moja juu ya jingine. Mabawa yale mawili yalinirudisha Unguja, alasiri aliyosafiri baba kuja kutafuta kazi huku Dubai.

Nyumba ilijaa moshi wa udi. Mama aliuinua msahafu mlangoni, na baba akapita chini yake, kama tunavyomuaga msafiri. Kaka Hamadi alikuwa na picha ya ndege kama ya Nasra, nami nikiamini ndege zote ziko hivyo. Uwanjani nikalia, "Baba, usipande! Bawa la juu halipo!"

"Mjinga we," kaka akacheka. "Unadhani mwamvuli?"

Baba akanifuta machozi. "La juu kashaninyanyulia mama yako, mwanangu."

Hakurudi. Maradhi yalimchukua, akazikwa huku, nami kwa miaka mingi nikailaumu ile ndege.

Hiyo juzi ndipo nikamuuliza Nasra lile bawa la juu lilikwenda wapi kwenye ndege za baadaye.

"Waliliondoa, bibi. Walipojua kuunda bawa imara la chuma, moja likatosha, ndege zikaenda mbio zaidi."

Kumbe ile ndege ya baba haikupungua kitu. Nikashukuru, nikajifuta macho kwa mtandio.

Nawe unayesoma, Mungu akurudishe salama kwa aliyekuinulia msahafu mlangoni.