Mlio wa Chini ya Dashibodi

Walivaa fulana zenye picha ya mume wangu. Ile picha ya kitambulisho, tena, imevutwa mpaka mashavu yamekuwa ya mtu mwingine kabisa. Nilipoziona pale uwanjani tulikoanzia, Mombasa, jua la asubuhi limeshaanza kuchoma, nilitamani kurudi stesheni nipande treni nirudi zangu nyumbani, Pipeline, Nairobi. Wakanipa yangu. Nikaivaa juu ya dera, ningefanyaje.

Walikuwa wanaume watatu, wote mafundi wa yadi ya Kariobangi alikofanya kazi mume wangu tangu ujana. Mmoja ni wa umeme, mmoja wa rangi, na wa tatu ndiye swahiba wake wa kufa kuzikana, fundi wa injini. Huyo ndiye angeendesha. Kila mwaka gereji za Eastlands huyashusha magari yao pwani kwa rali ya siku moja, Mombasa mpaka Malindi. Si mbio za kuvunjana shingo. Timu ni watu wanne na gari moja. Mnapita vituo, kila kituo mnapewa swali au kazi, na mkifika Malindi kwa wakati na majibu yenu yamenyooka mnapewa kikombe, kisha watu wanakula mbuzi. Mume wangu hakuwahi kukosa, na mimi nilikuwa kando yake miaka yote, nikisoma ramani kombo na kumgombeza yeye.

Mwaka huu sikutaka. Swahiba akapanda ngazi zote za ploti yetu, akafika mlangoni anahema, akakataa chai. "Shem, tukienda bila wewe tutakuwa tumeenda kufanya nini?" Nikamjibu kwamba hilo si swali langu. Baadaye nikakubali, na sababu sikumwambia. Nilikuwa naisahau sauti ya mume wangu.

Watu husema sura ndiyo hupotea kwanza. Wapi! Sura iko ukutani, iko kwenye simu, na sasa iko hata kwenye fulana. Sauti ndiyo ilikuwa inanitoka. Alikuwa mtu mkimya, na hatukuwa watu wa kurekodiana. Maneno yake ninayo, naweza kukutajia alichosema siku gani na kwa nini, lakini nikijaribu kuyasikia nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe. Hilo lilikuwa linanitisha kuliko hata kulala peke yangu.

Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo nilijua nitampata, nalo ni ndani ya lile gari. Alilijenga mwenyewe kutoka magari mawili yaliyogongwa, nusu ya hili na nusu ya lile, akayaunga mpaka ukiliangalia huoni mshono. Lakini lilikuwa na mlio. Likishika kasi kwenye lami nzuri, kitu fulani chini ya dashibodi, upande wangu, kilianza kulia. Kwa miaka nilimsema. Nilimwambia fundi mzima wa Kariobangi, watu wanakuja kwako kutoka Kware na Umoja, na gari lako linalia hivi huoni haya?  Naye alinyoosha mkono, akagonga dashibodi kwa ngumi, akaliambia gari, "Nyamaza, madam anaongea." Mlio ukakata. Tukicheka kidogo, ukarudi.

Kwa hiyo nilijua. Mlio ukianza tu, ile ngumi na yale maneno vitakuja vyenyewe, na vitakuja kwa sauti yake. Sikuhitaji kingine huko pwani. Bahari nimeiona.

Tangu azikwe kwao magharibi sikuwa nimeligusa gari. Lilikaa yadini chini ya turubai, na wenzake ndio walioliteremsha barabarani hadi Mombasa. Mimi nilishuka na treni, siku moja nyuma yao. Nilipofungua mlango wa abiria, harufu ya shampuu ikanipiga usoni. Viti vimevishwa upya. Taa mpya. Rangi inang'aa mpaka ukijitazama unajiona. Ikabidi niulize.

"Si tumemuaga fundi, shem," yule wa rangi akasema. Nikakumbuka. Pale yadini fundi akifa, kila mwenzake huweka mkono kwenye gari lake, anatengeneza kitu kimoja bila malipo, ndipo litoke kwenda mbali. Marehemu mwenyewe aliwafanyia wengi hivyo. Nikawashukuru, na nikajikalisha pale pangu, na moyoni nilisema harufu si kitu, mimi sikuja kwa harufu.

Kutoka Nyali mpaka Mtwapa ni foleni tupu. Magari ya wenzetu yalikuwa mbele na nyuma, bendera zinapepea, vijana wa gereji za Kayole wanapiga honi na kutoa vichwa madirishani. Mimi nilikaa, mikono mapajani. Nilijua kwa mwendo ule gari haliwezi kulia. Kituo cha kwanza tukapewa swali kuhusu daraja la Mtwapa, fundi wa umeme akalijibu haraka, wakapeana tano. Mimi nilikuwa nangoja barabara ifunguke.

Ikafunguka kwenye mashamba ya mkonge. Huko ni mistari na mistari ya mkonge mpaka macho yachoke, na upande wa kulia, mara mojamoja, unakiona kipande cha bahari cha buluu. Swahiba akakanyaga mafuta. Nikainamisha kichwa kidogo, sikio kwa dashibodi. Kimya.

"Ongeza," nikasema.

Akanitazama kwa jicho la pembeni, akaongeza. Kimya. Nikaweka kiganja juu ya dashibodi. Ilikuwa imetulia, kana kwamba si gari linalokwenda.

"Ongeza bwana, unaendesha ama unabembeleza?"

Nyuma wakashangilia. "Shem ameshikwa! Shem leo anataka kikombe!" Yule wa rangi akaanza kupiga makofi. Tukayapita magari mawili, tukalipita la Kayole, upepo unavuma madirishani, nami nikawaambia wafunge madirisha yote, nikisingizia vumbi. Wakafunga. Injini nikaisikia, matairi nikayasikia, hata pumzi ya swahiba nikaisikia. Kile nilichokifuata hakikuwapo.

Kilifi tulisimamishwa kupiga picha ya timu, mkono wa bahari ukionekana kwa nyuma na daraja lote kwenye picha. Mahali pazuri, siwezi kupakataa. Maji yako chini kule, yametulia, yana rangi ambayo hata yule wa rangi aliishangaa. Watu wakaniambia nitabasamu, nikatabasamu. Ile picha ninayo hadi leo na siipendi.

Tuliporudi garini nikauliza. Nilijaribu kuuliza kama mtu asiyejali. "Mbona siku hizi gari halilii?"

Wote watatu wakacheka kwa raha, cheko la watu waliokuwa wakingoja kuulizwa. "Tulisema utaona mwenyewe!" Swahiba akaugongagonga usukani. "Shem, kile kitu kilimtesa jamaa miaka. Tukasema hapana, hatoki hivyo. Tumefungua dashibodi yote, kipande kwa kipande. Huyu akakaza nyaya, huyu akaweka sponji na gundi, mimi nikabadilisha skrubu zote. Hatukujua ni kipi hasa kilichokuwa kinalia, kwa hiyo tukatengeneza kila kitu. Ile kelele tumeimaliza kabisa."

Nikasema, "Nani aliwatuma?"

Wakadhani natania.

"Nauliza nani aliwatuma! Nani aliwaambia kilimtesa? Angetaka kukitoa angeshindwa, yeye? Simamisha gari. Simamisha gari, nimesema!"

Akasimama kando ya barabara, pale msitu unapoanza baada ya Kilifi. Nikatoka. Nililia vile sikuwa nimelia hata siku ya mazishi, maana siku ya mazishi kulikuwa na wageni wa kupikia. Nilipiga bodi ya gari kwa kiganja, ile rangi yao mpya, nikawatukana, na mdomo wangu nikiuachilia huwa hauna breki. Wakasimama pale na fulana zao. Kisha nikawaeleza. Niliwaeleza yote, ngumi, maneno, sauti inayonitoka, na kwamba nilikuja Mombasa kwa hicho tu.

Fundi wa umeme alikuwa wa kwanza kusogea.  Akafungua buti akatoa spana na bisibisi, akalala chali sakafuni upande wangu, miguu nje. Nikageuza uso. Mume wangu alikufa hivyo, chini ya lori la mteja, presha. Watu walipita wakiiona miguu yake imetokeza, wakamsalimia, wakaendelea na kazi.

Wakang'oa sponji. Wakalegeza skrubu mojamoja. Magari ya timu nyingine yalipita yakipiga honi, mengine yakipunguza mwendo kuuliza kama tumeharibikiwa, na yule wa rangi aliwapungia waende. Kikombe kilikuwa kimeshatupita na hakuna aliyekitaja. Kila walipolegeza kitu, swahiba aliingia kwenye usukani, mimi nikaingia kando yake, tukaenda kipande cha barabara kwa kasi, tukageuza.

Wa kwanza ulikuwa mlio mwembamba, wa bati. "Ni huu?" Nikasema siyo. Wa pili ulikuwa kama kijiko ndani ya kikombe. Siyo. Wakalegeza kingine, wakakaza kile cha kwanza. Ulikuja mmoja ukanisimamisha nywele za mkono, nikashika kiti, nikangoja ile ngumi, nikangoja maneno. Hayakuja. Siyo. Tukaenda, tukarudi. Mwingine ulikwaruza. Mwingine ulitoka upande wa dereva. Wale wawili barabarani walikuwa wametota jasho, wakituangalia tukirudi kama watu walio nje ya wodi, na kila mara nilitikisa kichwa kwa dirisha.

Mwishowe swahiba akasimamisha gari mbali kidogo na wenzake, akazima injini ili tusikilizane. Alikuwa na subira.

"Shem, hivi tunabahatisha tu. Hebu utoe kwa mdomo. Huo mlio wenyewe, ulikuwaje?"

Nikafungua mdomo. Nikautafuta. Nikaupata wa bati, nikaupata wa kijiko, nikaupata ule uliokwaruza, milio yote ile tuliyoitengeneza mchana ule, imejipanga kichwani mwangu, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Nilifunga macho nikajaribu tena.

"Pole pole," akasema. "Hata ukikosea kidogo."

"Siukumbuki."

 Swahiba akapiga honi mara moja kuwaita wenzake, wakaja wakikimbia na spana, wakidhani tumeupata.