Suruali ya Baba na Betri ya Televisheni

Enzi zetu, na ninyi mliolelewa huku mlimani juu ya Kimandolu mtanielewa, televisheni ilikula betri ya gari. Umeme ulikuwa haujapanda kwetu. Kila Jumamosi mimi na Anaeli, rafiki yangu wa darasa la kipaimara, tulisukuma betri kwa toroli hadi kwa fundi, tukaisubiri ijae huku tukitafuna miwa. Jumapili jioni majirani walijazana sebuleni kutazama mchezo wa kuchekesha. Mama aligawa makande, na aliyekosa kiti alikalia gunia la kahawa. Vijana wa leo chaji ikipungua kidogo tu wananuna kama wamefiwa.

Jumamosi moja betri ilikuwa inachezacheza kwenye toroli, Anaeli akachomoa nguo kwenye kamba akaitandika chini yake. Tuliporudi ndipo nikaona ni suruali ya Baba ya kanisani, na yale maji makali ya betri yameilowesha nyuma. Tukaisuuza haraka, tukaianika. Doa halikuonekana. Tukamshukuru Mungu mapema mno.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Kesho yake, akipitisha kikapu cha sadaka, aliinama kumwokotea bibi mmoja sarafu. Suruali ikaachia kama karatasi iliyolowa, bukta nyekundu ikaonekana mpaka kwenye kwaya, na sauti ya pili ikapotea kabisa. Mama alitoka kwenye benchi, akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akamfunga Baba kiunoni. Baba akamalizia sadaka akiwa amevaa maua.

Mimi sikucheka. Kipaimara kilikuwa kimebaki wiki mbili, na mwinjilisti alishatuonya: mtoto atakayeshtakiwa na mzazi wake atasubiri mwaka mwingine. Gauni langu jeupe lilikuwa limeshashonwa.

Jioni sebule ilijaa, lakini mchezo ulipoanza hakuna aliyethubutu kucheka mbele ya Baba. Baba akakohoa, akamnyooshea kidole mchekeshaji kwenye televisheni.

"Mnamwona yule? Yeye analipwa. Mimi leo nimewachekesha bure."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Mimi nikaangua kilio. "Baba, nisamehe. Ni sisi tuliweka betri juu ya suruali."

"Nilishajua, mwanangu. Tundu lenyewe lina pembe nne. Panya gani anatafuna kwa rula?"

Hakusema neno kwa mwinjilisti. Siku ya kipaimara alikaa benchi la mbele na suruali ile ile, nyuma ina kiraka cha kitambaa cha pazia letu. Niliona aibu, nasema ukweli. Nikainamisha kichwa, macho yakaangukia viatu vyangu vipya vyeusi, vinang'aa. Hapo nikaelewa kwamba suruali mpya ya Baba ilikuwa miguuni mwangu.

Leo umeme upo. Wanangu wamekaa sebule moja, kila mmoja na simu yake na waya masikioni, anacheka peke yake. Nikiuliza kuna nini, wananiambia, "Mama, hutaelewa." Siwalaumu, hawajawahi kusukuma toroli. Ila kila ninaponunua viatu namkumbuka Baba, na kila mara namshukuru, hapo hapo dukani, muuzaji akinishangaa.