Filamu ya Tanuru la Mzee Enoka

Wifi yangu Loisi alianza kazi ya kamera mwaka 1994 pale Tunduma, akipiga video za harusi na kipaimara. Mumewe alimkimbia, eti hawezi kuishi na mke anayeshinda kwenye kumbi za watu. Aende zake.

Harusi zilimlisha, ila roho yake haikuwa huko. Alitaka filamu za maisha ya kweli. Aliwarekodi wanawake wa pale Mpemba, jirani na Tunduma, wakiuza mahindi ya kuchoma kwenye foleni ya malori, mjini wakamcheka: nani atazame mkanda wa wauza mahindi? Loisi mbishi, akaendelea.

Filamu aliyoililia ilikuwa moja. Baba yake, Mzee Enoka wa Ibaba, alikuwa amebaki peke yake kati ya wale waliojua kuyeyusha mawe yakawa chuma cha majembe. Mwaka 2003 alikubali kujenga tanuru mara ya mwisho ili bintiye arekodi. Lakini mwiko ni mwiko: moto ukishapulizwa mwanamke halisogelei tanuru, la sivyo chuma kitagoma. Loisi akamkabidhi kamera Aziz, mpiga picha wake, ambaye kwa harusi hakuwa na mpinzani Tunduma nzima. Sisi wanawake tukabaki jikoni, tukisikia mivukuto ikipuliza na wanaume wakiimba Kindali.

Sasa mazoea yana taabu. Harusini, mgeni asipoonekana kwenye mkanda ni ugomvi. Chuma kilipokaribia kutoka, Aziz akaligeuzia tanuru mgongo, akaanza kupitisha kamera kwa waliohudhuria, uso mmoja baada ya mwingine, wengine wakiweka sawa kola zao. Loisi alipotazama kidogo tu akauchomoa mkanda, akamporomoshea Aziz matusi ambayo mlokole hapaswi kuyajua. Mzee akambembeleza bintiye, akaahidi kujenga tanuru jingine kiangazi kijacho. Masika hayakuisha, tukamzika.

Baada ya matanga Loisi aliniomba tuuangalie ule mkanda wote, angalau aisikie sauti ya baba yake. Nyuso zikapita. Nyuma ya kamera watu wakashangilia, chuma kimetoka. Kisha tukamsikia Mzee, anahema, sauti imemkauka.

“Mwiteni Loisi. Aje aone kwa macho yake, mwiko na uvunjike.”

Wanaume wakacheka, wakidhani ni utani. Hakuna aliyeinuka, na kamera ikaendelea na kola za watu.

Tangu hapo Loisi hakutengeneza filamu nyingine. Harusi tu, na hizo kwa ajili ya kula. Inaniuma mpaka leo, maana kipaji kile sijakiona tena huku kwetu. Lakini siku ile hakulia. Alizima televisheni, akaniuliza, “Wifi, toka jikoni mpaka pale palikuwa mbali?”

Nikamwambia ukweli, hapakuwa mbali, mtu angetuita hata kwa sauti ya kawaida tungesikia.

“Basi Baba amekufa akidhani niliitwa,” akasema, “nikakataa kwenda.”